Ubao wa Dawa Kando ya Kitanda cha Dereva

Nyumba ya dereva wa masafa marefu ni ndogo kuliko jiko la msomaji yeyote wa ukurasa huu. Nyuma ya viti vya mbele pana kitanda kimoja chembamba, na juu yake, katika malori mengine, pana kitanda cha pili cha kukunja. Humo mwanamume hulala, hubadili nguo, hula wakati wa mvua, na akiwa mgonjwa huugua humo humo. Mume wangu, Baba Neema, huendesha lori la mizigo kutoka Dar es Salaam hadi Kanengo, kaskazini mwa jiji la Lilongwe nchini Malawi, safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Tangu mwaka 2021 hujidunga insulini mara mbili kwa siku.

Wenzangu wenye mgonjwa wa kisukari nyumbani wanajua kwamba dawa hiyo haivumilii joto. Chupa isiyofunguliwa hutunzwa katika jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8, wala haifai kuganda. Iliyokwisha kufunguliwa huweza kukaa nje kwa majuma manne hivi, mradi joto lisizidi nyuzi 30 na jua lisiipige. Lakini lori likiegeshwa juani mwezi wa Oktoba, kichwa chake huzipita nyuzi hizo mapema asubuhi. Baba Neema alikuwa akitia chupa zake katika soksi, soksi katika begi, na begi chini ya kitanda, yaani pale pale panapopanda joto la injini. Kipima sukari kilikuwa mahali pengine, sindano mahali pengine, na sukari ya chakula ilikuwa katika kopo la chai la utingo.

Hata hivyo, si joto lililonifanya niombe likizo. Usiku mmoja wa Agosti 2024 walilala karibu na Chiweta, pale barabara inapouacha ufuko wa ziwa na kupanda mlima kwa kona kali. Utingo aliamshwa na mtu anayekoroma vibaya, amelowa jasho, akiitwa haitiki sawasawa. Sukari ilikuwa imeshuka. Ikipungua chini ya 4 kwenye kipimo, mtu hutetemeka na kuchanganyikiwa, na asipopata kitu kitamu huweza kuzimia. Dawa yake, maadamu bado aweza kumeza, ni gramu 15 hivi za sukari, yaani vijiko vitatu vya chai au nusu chupa ya soda, kisha kupima tena baada ya dakika 15. Kijana yule alipapasa gizani mpaka akapata soda yake mwenyewe. Namshukuru, lakini dakika zile hazikuwa za kupekua mabegi.

Basi mwezi wa Oktoba, kwa idhini ya mwenye lori, nilipanda pale Uyole, nje ya Mbeya, nikiwa na futi ya fundi, daftari, kipimajoto na chungu kidogo. Chungu hicho ni kazi ya akina mama wa Kikisi wa Ikombe, ng'ambo ya Matema, wafinyanzi ambao sisi wa Kyela tumenunua vyombo kwao tangu utoto. Ukikizungushia kitambaa cha pamba kilicholowa, maji yanapokauka huchukua joto pamoja nayo, na kilichomo ndani hupoa. Chupa za dawa hukaa ndani ya kikopo kikavu chenye kifuniko ili zisiguswe na unyevu. Karonga, ufukoni, ambako hewa ilikuwa nzito kwa unyevu, chungu hakikunisaidia sana: nje nyuzi 34, ndani 31. Kasungu, kwenye uwanda mkavu, nje ilikuwa 33 na ndani 26. Asiwaambie mtu kwamba chungu ni jokofu. Chupa za akiba tuliziacha nyumbani.

Kanengo ni eneo la viwanda, mnada wa tumbaku na maghala marefu ya nafaka. Tulikaa siku nne tukingoja kushusha mbolea. Chuoni nilikosomea ualimu tulifundishwa stadi za kazi, na ingawa sasa kazi yangu ni ya mafaili, kupima na kuchora sijasahau. Nilichora ubao wa sentimita 55 kwa 18, wenye ukingo wa sentimita 5 pande zote ili vitu visirushwe na matuta. Mwuza maandazi mmoja, aliyesema Kiswahili cha Kongo, akanielekeza kwa fundi wa Dzaleka.

Dzaleka iko wilayani Dowa, mwendo wa kilomita 40 na ushei kutoka Lilongwe. Zamani palikuwa gereza. Tangu mwaka 1994 ni kambi ya wakimbizi kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko. Ilikusudiwa watu 10,000 hivi, nayo sasa ina zaidi ya 50,000. Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya kazi mijini warudi kambini, na fundi wangu, mzaliwa wa Uvira, alikuwa mmoja wao. Karakana yake ni paa la turubai. Aliutazama mchoro wangu kwa heshima, kisha akauliza swali ambalo chuo hakikunifundisha: "Mama, mgonjwa analala kichwa upande gani, na mkono wake wa nguvu ni upi?" Baba Neema hutumia mkono wa kushoto. Tundu la chungu, nililolichora mwisho wa ubao, likahamia mwanzo.

Alitumia paina kutoka msitu wa Chikangawa, akairanda hadi ikawa laini, akatandika mpira wa tyubu ya baiskeli ili vyombo visiteleze. Hatukutoboa mwili wa lori, maana si letu: ubao umening'inizwa kwa mikanda miwili kwenye fremu ya kitanda cha juu na kubanwa chini kwa kulabu. Kwa sindano zilizotumika tuliweka kopo gumu la plastiki lenye kifuniko, kwa kuwa afagiaye ni utingo, naye ana vidole. Nililipa kwacha 18,000.

Ugomvi ulikuja baadaye. Mwajiri alikwisha kuarifiwa kwa barua ya daktari, jambo ambalo lenyewe tulilibishania mwezi mzima, na Baba Neema hupima kila mara kabla ya kushika usukani. Ikiwa chini ya 5, haondoi gari. Lakini madereva wenzake hawakujua lolote. "Mama Neema," aliniambia, "umenigeuza kichwa cha gari kuwa zahanati. Kesho wataniita mgonjwa mbele ya vijana." Sikuliona hilo kuwa jambo dogo, kwani barabarani jina la mtu ni sehemu ya riziki yake. Nikakata kanga, nikashona pazia la ubao. Lakini kikopo cha sukari nilikataa kifichwe. Kimefungwa kwa kamba nje ya pazia, na utingo alikitafuta macho yamefumbwa mara tano mpaka akawa hakosei.

Wakati wa kurudi tulikaa foleni Kasumulu tangu asubuhi hadi jua kuzama. Dereva wa lori la nyuma alikuja kuomba maji, akaliona pazia, akalifunua kidogo, akalirudisha bila neno. Baada ya saa nzima alirudi, akasimama upande wangu wa dirisha na kuuliza ubao ule una vipimo gani. Nilimwandikia nyuma ya karatasi: 55 kwa 18, ukingo 5, tundu upande wa mkono wa nguvu. Aliikunja akaitia mfukoni, wala hakusema ni wa nani.