Dawa ya Bwawa Huanzia Kwenye Ndoo

Ndugu wafugaji, kila nikipita kwenye mabwawa ya Gwarama naulizwa swali lilelile: "Bwana samaki, una dawa gani ya kumwaga bwawani?" Mzee mmoja aliniuliza akiwa ameshika kopo la dawa ya nyanya. Perege wake walikuwa na ruba kwenye mapezi na ndani ya matamvua, na alikuwa anawategemea kwa sare na madaftari ya wajukuu mwezi wa kwanza. Nilimwambia, "Mzee wangu, weka kopo chini kwanza."

Dawa nyingi za kunyunyizia mboga huua samaki hata zikiwa kidogo. Tena maji ya bwawa hayaishii bwawani. Yanaingia kijitoni, na huko chini kuna mama anachota ya kupikia.

Kwa ruba tulitumia chumvi, hii ya Uvinza tunayopikia. Gramu 200 kwenye maji lita 10, ikoroge iyeyuke yote. Weka samaki wachache kwa wakati, dakika 5 hadi 10, asubuhi kukiwa na ubaridi. Simama hapo hapo uwaangalie. Anayelala ubavu mtoe mara moja. Kwa kambale anza na nusu ya chumvi hiyo. Ruba wataachia. Maji yale yamwage mbali na bwawa.

Lakini kumchovya samaki na kumrudisha kwenye bwawa lenye ruba ni kazi bure. Mzee alilazimika kuvua mapema na kuuza samaki ambao hawajafikia ukubwa, kwa bei ya chini. Kisha alikausha bwawa mpaka tope likaanza kupasuka.

Nilipomuuliza vifaranga alivitoa wapi, alisema kwa jirani, ndani ya ndoo, pamoja na maji na majani ya bwawa lile. Hapo ndipo ruba walipoingilia.

Wako watu nchi za mbali wanaofuga matumbawe ya baharini ndani ya matangi ya vioo nyumbani, na wao wana adui kama huyu. Yupo mnyoo bapa anayekula tumbawe na kutaga mayai kwenye sehemu iliyokufa. Dawa ya kuchovya humwangusha mnyoo, lakini mayai hubaki. Kwa hiyo kila kipande kipya hukichovya, hukikagua, hukitenga kwenye tangi la peke yake na kukichovya tena mayai yakishaanguliwa, ndipo kiingie kwa wenzake. Sisi hatuna matangi ya vioo, ila utaratibu huo unatufaa.

Fanya hivi. Kagua vifaranga kabla hujalipa: mapezi, matamvua, ngozi. Usimimine maji ya mwenyewe bwawani kwako. Chovya kwenye chumvi, kisha watenge kwenye kijibwawa kidogo au pipa pana kwa wiki mbili au tatu. Wavu na ndoo ulizoazima zioshe na uzianike juani.

Kabla ya kupandikiza, kausha bwawa. Tope likiwa bado na unyevu, mwaga chokaa kali ambayo haijazimwa, kilo 10 hadi 15 kwa kila mita za mraba 100. Funika macho, pua na mikono, maana inaunguza. Jaza maji, subiri wiki mbili ndipo uweke samaki.

Nanyi wafanyabiashara, mkiona vivimbe vya njano kwenye nyama ya samaki, huo ni mnyoo mwingine. Korongo hudondosha mayai majini, kiluwiluwi chake hukulia ndani ya konokono, kisha hutoka na kumwingia samaki. Chumvi haimfikii akishajificha kwenye nyama. Mwambieni mfugaji afyeke majani ya kingo za bwawa na aokote konokono, akiwa amevaa mabuti na glovu, kwani konokono wengine hubeba kichocho. Samaki huyo akiiva vizuri hana madhara, ila mteja akimwona hamnunui.

Mzee amepandikiza upya. Safari hii vifaranga vilikaa kwenye pipa wiki tatu, na jirani aliyemuuzia wale wa kwanza naye ameanza kukausha lake.