Vivinjari vya Mwenge

Mwaka 2006 nilikuwa mhudumu wa kafe ya intaneti pale Mwenge, Dar es Salaam, juu ya duka la vipuri. Kompyuta zilikuwa za mitumba, zina Windows 98 na RAM ya MB 128, na tulipata mtandao kwa dishi la satelaiti, maana mkongo wa Seacom ulikuja kufika mwaka 2009. Nusu saa ilikuwa shilingi 500. Ukurasa ukijivuta, hela ya mteja inakwenda, ndiyo maana ubishi wa vivinjari pale ulikuwa mkali kama wa Simba na Yanga.

Wazee hawakubanduka kwenye Internet Explorer.

"Shikamoo mzee. Leo jaribu hii ya mbweha."

"Marahaba, mwanangu. Nipe ile e ya buluu, barua zangu zimo humo."

Ungemweleza mpaka jioni kwamba barua ziko Yahoo, asingekuelewa. Nami sikumlaumu, alikuwa na dakika zake za kulipia.

Wanafunzi wa Mlimani walitaka Firefox kwa sababu ya vichupo. Unafungua kurasa tano, unasoma ya kwanza huku nyingine zinaburuzika polepole nyuma yake. Explorer yetu, toleo la 6, haikuwa na kitu hicho. Ila Firefox ilipenda kula RAM, na kompyuta ikielemewa kila kitu kiliganda. Toleo la 2, lililotoka Oktoba mwaka huohuo, lilikuja na uwezo wa kurudisha kurasa baada ya kompyuta kuzimika ghafla. Mwaka ule wa mgao wa umeme, wenye shida hiyo walikuwa wengi! Tatizo likawa kwamba umeme uliporudi, aliyekaa kwenye kiti aliweza kuletewa kurasa za aliyeondoka kwa hasira. Kijana mmoja alikuta barua ya posa ya mtu mwingine, akaisoma hadi mwisho ndipo akaniita.

Mimi nilikuwa wa Opera, ambayo tangu Septemba 2005 ilikuwa bure na bila matangazo. Unabonyeza kitufe, picha zinazimwa, maandishi yanashuka upesi. Wateja waliiona kavu. Kurasa bila picha, wakasema, ni kama gazeti la serikali.

Ndugu yake Opera Mini ndiyo iliyotumaliza. Seva za kampuni zilipokea ukurasa, zikaubana, zikautuma kwenye simu ukiwa mwepesi, hata Nokia ya vitufe ikaumudu. Nilikuwa nawawekea watu kwa shilingi 1,000, hela ya soda, mpaka tajiri akaniuliza kwa nini nawafundisha wateja kutuhama.

Chrome ilipotoka Septemba 2008 ilitaka Windows XP, na kompyuta zetu zisingeibeba. Wakati huo nusu yake zilikuwa zimeshauzwa, na mahali pake tajiri akaweka mashine ya fotokopi.