Barua kwa Muuguzi Mpya: Nani Hupanga Zamu

Mwanangu mpenzi,

Nimefurahi kusikia umesharipoti kazini na umepangiwa wodi ya wazazi. Umeniuliza kwa nini rosta ya wodi yenu inawachosha hivyo, na kwa nini wauguzi wa zamani hawaihoji. Nakujibu kwa kirefu, maana rosta ndiyo itakayoamua usingizi wako, nyumba yako na umakini wa mikono yako kwa miaka mingi.

Tuanze na hesabu. Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki kwa mfanyakazi mmoja. Kwa hiyo, ili muuguzi mmoja tu awepo wodini usiku na mchana, Jumatatu hadi Jumapili, wanahitajika wauguzi karibu wanne. Weka na likizo ya mwaka ya siku 28, likizo ya uzazi ya siku 84, homa, misiba na waliokwenda masomoni, wanne hao wanakuwa watano. Wodi inayotaka wauguzi wawili kila zamu inahitaji watu kumi. Nenda ukahesabu majina yaliyobandikwa ukutani kwenu. Kama ni sita, basi umeshajua uchovu wenu unatoka wapi, na hautoki kwenye ubaya wa roho ya mtu.

Nasema hivyo kwa sababu lawama zote humwangukia inchaji wa wodi. Ukimtazama anavyoipanga rosta utamwonea huruma. Ana karatasi kubwa, rula, penseli na kifutio. Majina yanashuka kushoto, tarehe zinapita juu. Kwanza anaandika walio likizo. Kisha anaweka zamu za usiku, kwa kuwa ndizo ngumu kuzijaza, halafu ofu za waliotoka usiku, na mwisho anagawa asubuhi na jioni kwa waliobaki. Hajamaliza, mlango unabishwa: mmoja ana mtihani, mwingine anaozesha Jumamosi, wa tatu mtoto wake amelazwa. Kila ombi likikubaliwa, jina la mtu mwingine linafutwa na kuhamishwa. Ndiyo maana pembeni mwa majina ya wale wasiosema kitu karatasi huwa imechakaa kwa kifutio.

Usiku huwa zamu ndefu kuliko zote kwa sababu iliyo wazi: hakuna anayeweza kumpokea mwenzake saa sita za usiku wakati daladala zimelala na njia haina taa. Anayeingia saa mbili usiku hubaki mpaka kupambazuke. Hilo mtu mzima anaweza kulielewa. Lisiloeleweka ni lile la kumtoa muuguzi zamu ya jioni saa mbili usiku na kumtaka arudi saa moja na nusu asubuhi. Kati yake ni saa kumi na moja na nusu, na ndani yake kuna kusubiri gari, kupika, kuoga, kunyonyesha na kuamka kabla ya jogoo. Sheria niliyoitaja inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Inataka pia nyongeza ya asilimia 5 kwa saa zinazofanyika kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na inamkinga mjamzito asipangiwe usiku katika miezi miwili ya mwisho kabla ya kujifungua. Wauguzi wengi wanaujua ukurasa wa likizo tu. Wewe soma na ule wa saa za kazi.

Kwa madaktari mambo yana historia ya ajabu zaidi. Hospitali ya Johns Hopkins ilipofunguliwa Baltimore mwaka 1889, William Halsted, bingwa wa upasuaji, aliweka utaratibu wa vijana wanaojifunza kuishi humo humo hospitalini, tayari kuitwa wakati wowote. Utaratibu huo ulitoa wapasuaji hodari na ukaenea duniani. Lakini Halsted mwenyewe alikuwa amenaswa na kokeini, baadaye mofini. Mtindo wa kazi ulioanzishwa na mtu mwenye maradhi hayo ndio vizazi vya madaktari vikaambiwa ni kipimo cha ushupavu.

Karibu miaka mia ilipita kabla haujatikiswa. Machi 1984, msichana wa miaka 18 aitwaye Libby Zion alifariki katika hospitali moja ya New York, saa chache baada ya kulazwa akiwa na homa. Waliomhudumia usiku ule walikuwa madaktari vijana waliokuwa na wagonjwa wengine wengi mikononi, na alipewa pethidini ilhali alikuwa akitumia dawa nyingine isiyopatana nayo. Baba yake, Sidney Zion, alikuwa mwandishi wa habari, na hakunyamaza. Mwaka 1989 jimbo la New York likaweka kikomo: saa 80 kwa wiki, na si zaidi ya 24 mfululizo. Mwaka 2003 kikomo cha saa 80 kikaenea Marekani nzima. Ulaya ilikwenda mbali zaidi, ikaweka wastani wa saa 48.

Sayansi ilikuwa upande wa yule baba. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi kama aliyekunywa pombe hadi kiwango ambacho nchi nyingi zinakataza kuendesha gari. Mwaka 2004, katika chumba cha wagonjwa mahututi huko Boston, madaktari wanafunzi waliofanya zamu ndefu walifanya makosa makubwa kwa asilimia 36 zaidi ya walipofanya zamu fupi. Hakuna aibu yoyote katika kulala mchana baada ya usiku wa kazi. Ndugu wakija kukugongea eti umekuwa mvivu, mlango usifunguliwe.

Hata hivyo kufupisha saa peke yake hakukutosha, na hapa ndipo nataka utulie. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha programu 117 za kufundisha upasuaji Marekani, haukuona tofauti ya vifo au madhara makubwa kati ya wagonjwa wa mahali palipobana saa na wa mahali palipolegeza. Sababu moja inayotajwa ni kwamba zamu zikiwa fupi, mgonjwa hupita mikononi mwa watu wengi zaidi, na kila anapokabidhiwa kuna jambo linaloweza kudondoka. Mwaka 2014, hospitali tisa za watoto zilipowafundisha madaktari wao namna moja ya kukabidhiana, makosa yalipungua kwa asilimia 23.

Fikiria mama wa kifafa cha mimba wodini kwenu. Baada ya dozi ya kwanza anachomwa magnesiamu kwenye makalio kila baada ya saa nne, na kabla ya kila sindano lazima mambo matatu yaangaliwe: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, mguu uruke goti linapogongwa, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Akichomwa saa kumi alfajiri, sindano ya pili ni saa mbili asubuhi. Ni wakati ule ule zamu ya usiku inavua aproni na ya asubuhi inatafuta kalamu. Anayeondoka anadhani anayeingia atachoma. Anayeingia anaona daftari halijajazwa, hajui kama ameshachomwa. Mama akikosa sindano, degedege inaweza kumrudia. Akichomwa mara mbili, pumzi inaweza kukatika.

Kwa hiyo makabidhiano yafanyike kando ya kitanda, si mezani. Anayetoka na anayeingia wasimame pamoja, wataje sindano ya mwisho ilitolewa saa ngapi na nani atatoa inayofuata, wainue mfuko wa mkojo wausome, wahesabu pamoja dawa za kabatini kabla funguo hazijabadilisha mikono. Robo saa hiyo iandikwe kwenye rosta kama kazi. Isiachiwe hisani ya mtu anayekimbilia gari.

Ukishakaa wiki chache, mwendee inchaji faragha, kwa adabu, ukiwa na karatasi yako ya hesabu. Mwombe mambo mawili tu kwanza. La kwanza, zamu zizunguke kwenda mbele, asubuhi kisha jioni kisha usiku, kwa kuwa mwili hustahimili kuchelewa kulala kuliko kuwahi. La pili, mtu wa jioni asipangiwe asubuhi inayofuata. Yote mawili hayahitaji muuguzi wa nyongeza. Akikubali, jitolee kumsaidia kuchora rosta ya mwezi ujao. Suala la majina sita badala ya kumi liko juu ya uwezo wake; hilo lipelekeni pamoja kwa muuguzi mfawidhi, kwa maandishi, hesabu ile ya saa 168 ikiwa ndani.

Nisalimie wenzako wa zamu. Ukipata ofu mbili mfululizo, njoo nyumbani ulale kwanza, mazungumzo yatafuata.

Ni mimi,
Mama yako mkubwa