Kubembeleza Mtoto, na Motokaa Isiyo na Paa

Neno kubembeleza twalitumia kila siku, walakini ni mara chache tulitazamapo vema. Mama humbembeleza mtoto aliaye. Mdeni humbembeleza mdai wake ampe siku mbili zaidi. Mwenye duka humbembeleza mpita njia hata anunue asichokikusudia. Neno lenyewe ni ndugu yake bembea, ile kamba watoto wanayoifunga mwembeni wakarushana huku na huku. Twaona ya kuwa wazee waliolitia neno hili kinywani mwetu walikwisha kujua ya kwamba mtu mzima na mtoto mchanga hulainishwa kwa njia zinazokaribiana sana.

Twanena hivi kwa sababu ya shauri lililotokea katika jamaa yetu hapa Kasanga mwaka huu, shauri la motokaa za fahari zinazofunuliwa paa, na la mtoto asiyelala. Mtu atauliza, mambo hayo yamekutanaje? Nasi tuliuliza hivyo hivyo.

Mpwa wetu, mwana wa dada yetu, ni kijana mchuuzi wa migebuka. Huinunua mwaloni alfajiri, huikausha, kisha huipandisha Sumbawanga, na pengine huifikisha Tunduma. Ameoa, naye alipata mtoto wake wa kwanza, msichana. Mtoto huyo alipofika majuma matano alianza kulia tangu jua kuchwa hata usiku mwingi. Walimpeleka zahanati, tabibu akampima, akaona hana homa, ananyonya vizuri, na uzito wake unaongezeka. Akawaambia wavumilie. Ni rahisi kumwambia mtu avumilie mchana. Saa nane za usiku neno hilo halina utamu.

Basi siku moja walikuwa Matai kwa shughuli ya ukwe, na jioni wakarudi kwa motokaa ya kukodi. Mtoto alikuwa akilia tangu walipoagana na wenyeji. Motokaa ilipoondoka, kabla hawajazipita nyumba za mwisho za mji, akanyamaza. Na walipoanza kuteremka kuelekea ziwani alikuwa amelala usingizi mzito. Walipofika mlangoni na injini kuzimwa, akaamka akalia upya.

Kesho yake mpwa wetu alitujia barazani. Akasema, “Shikamoo, mjomba. Nimeipata dawa ya mtoto.” Tulidhani ya kuwa ameletewa mizizi, tukajiandaa kumkanya. Kumbe alitoa simu yake akatuonyesha picha ya motokaa ya Mercedes-Benz, ile waiitayo SLK, rangi ya fedha, iliyokwisha kutumika huko Ujapani. Paa lake ni la chuma, nalo hujifunua na kujikunja lenyewe, likaingia katika sanduku la nyuma kwa muda wa sekunde 25. Akatuonyesha na picha zinazokwenda, paa likifunuka kama kobe avuliwaye gamba. Twakiri ilikuwa ajabu kutazama.

Tukamwuliza fedha itatoka wapi. Hapo akainama. Marehemu baba yake aliacha mtumbwi mkubwa na mashine yake, navyo viliuzwa baada ya matanga. Fedha hiyo iko benki kwa jina la kijana, lakini wote tulikuwapo iliponenwa ya kuwa ni ya kumwezekea dada yetu nyumba kwa mabati, maana nyasi zake huvuja kila masika. Yaani ingenunuliwa motokaa isiyo na paa kwa fedha ya paa. Tulijizuia tusicheke, kwa kuwa yeye hakuwa akicheka.

Hatukutaka kumkemea. Kijana akikemewa juu ya kitu akipendacho hukipenda maradufu. Tena mtu hawezi kulishinda pendo la kitu bila kulifahamu kwanza, nasi tulipenda kujua ni nini hasa kiwavutacho watu katika motokaa za namna hii. Hapo kwanza, motokaa zote zilikuwa wazi. Ile ya Karl Benz wa Udachi ya mwaka 1886 ilikuwa na magurudumu matatu na kiti, basi. Mvua ilimpiga mwenye nayo kama ilivyompiga mpanda punda. Hata miaka ya 1920 ndipo zilizofunikwa zilipokuwa rahisi kununuliwa, na tangu hapo watu wa kawaida wakapenda kukaa ndani pakavu. Walakini jambo likiisha kuachwa na wengi, matajiri huliokota. Mwaka 1934 Peugeot wa Ufaransa walitoa motokaa ambayo paa lake la chuma lilijificha nyuma kwa nguvu ya umeme. Huko Marekani, mwaka 1976, watu waliambiwa ya kuwa Cadillac Eldorado ya mwaka ule ndiyo ya mwisho ya namna yake, wakaigombania. Na mwaka 1982 Chrysler wakazirudisha tena. Mwaka 2007 Rolls-Royce walitoa yao kubwa iitwayo Phantom Drophead Coupé. Tena mafundi husema jambo la kuchekesha: paa ni kama boriti ifungayo nyumba, hivyo likiondolewa hapana budi kuongeza chuma chini ili motokaa isilegee. Kwa hiyo iliyopunguziwa paa mara nyingi huwa nzito kuliko yenye paa, tena ghali kuliko hiyo.

Basi mtu hununua nini? Twaona hununua mambo mawili. La kwanza ni upepo. Mtu aliyepanda nyuma ya lori kutoka Sumbawanga hata ziwani katika ujana wake, akapigwa na ile baridi ya Ufipa kisha akahisi joto la Tanganyika likimpokea polepole, hatausahau upepo ule, ingawa alikuwa amekaa juu ya magunia ya mahindi. La pili ni kuonekana. Siku kuu za taifa mkuu wa nchi huingia uwanjani amesimama katika gari la wazi la jeshi, akipunga mkono, na watu hupiga vigelegele kwa kuwa wamemwona mzima mzima, si nyuma ya kioo. Kila kijana aonaye hayo hujiona amesimama pale. Mpwa wetu alituambia wazi, “Mjomba, mimi ni mchuuzi wa samaki. Nikipita, watu huzungumza juu ya harufu. Nataka siku moja wazungumze juu ya jambo lingine.” Neno hilo lilitugusa, na hatukuwa na jibu lake siku ile.

Kuonekana nako kuna gharama yake, na sisi wa Kasanga tungepaswa kuijua kupita wengine. Tarehe 28 Juni 1914 mrithi wa kiti cha enzi cha Austria, Franz Ferdinand, alipita katika mji wa Sarajevo pamoja na mkewe katika motokaa ya wazi. Dereva aliingia njia isiyokusudiwa, akasimama ili arudi, na kijana Gavrilo Princip akawapiga wote wawili risasi kwa kuwa hapakuwa na kitu kati yake na wao. Kutoka hapo ikaja vita vikuu, na vita ikatufikia hapa. Maana mji huu Wadachi waliuita Bismarckburg, na boma lao, ambalo magofu yake tungali tunayatazama, lilitwaliwa na Waingereza mwezi Juni 1916. Rais Kennedy wa Marekani naye aliuawa Dallas tarehe 22 Novemba 1963 katika gari lisilofunikwa, na Papa Yohane Paulo wa Pili alipigwa risasi katika gari la wazi pale uwanja wa Mtakatifu Petro tarehe 13 Mei 1981, akaponea chupuchupu. Papa Fransisko alipofika Nairobi mwezi Novemba 2015, alitoka uwanja wa ndege katika Honda ndogo ya kijivu, na watu walimshangilia vilevile.

Lakini haya hayamhusu mtoto wa majuma matano, ambaye hataki kuonekana na mtu. Yeye alitaka nini?

Wanaokumbuka Liemba watajibu upesi. Meli ile, iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915, ikazamishwa vitani mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924 na kuanza kazi tena mwaka 1927, ilitia nanga hapa miaka mingi katika safari zake za Mpulungu. Sisi tungali watoto tulikuwa tukienda kuitazama. Kina mama walipanda na watoto wanaopiga mayowe hata usisikie king’ora. Na meli ilipokwisha kuondoka na kuanza kulewalewa juu ya mawimbi, mayowe yalikoma mmoja mmoja, kama taa zizimwapo kijijini. Hapana aliyesema kwamba kila nyumba inunue meli.

Watu wa elimu nao wamelipima jambo hili. Huko Montreal, Kanada, waganga Hunziker na Barr walitangaza mwaka 1986 ya kuwa waliwaomba kina mama fulani wazidishe kuwabeba watoto wao kila siku, si wakati wa kulia tu. Watoto wale walipofika majuma sita, ambayo ndiyo majuma ya kilio kikubwa kwa watoto wengi, walilia pungufu kwa asilimia 43 kuliko wenzao. Na huko Ujapani, mwaka 2013, wataalamu walionyesha ya kuwa mama akimbeba mtoto na kutembea, mtoto huacha kujinyonganyonga na moyo wake hupunguza mbio mara moja. Mama akiketi tu, moyo wa mtoto huanza mbio tena. Hata watoto wa panya hufanya hivyo wabebwapo na mama yao. Mwaka 2022 waliongeza shauri: mtembeze mtoto kwa dakika 5 bila kusimama-simama, akilala keti naye dakika 5 hata 8 angali mikononi, ndipo umlaze. Wengi humlaza upesi mno, naye huamka pindi mwili wake uachanapo na wa mama.

Bibi yetu hakusoma Ujapani, naye alijua haya yote. Alifunga mbeleko, akatwanga, akachota maji, akapalilia, na mtoto alilala mgongoni tangu asubuhi. Tofauti ni kwamba yeye hakuhesabu dakika.

Mke wa mpwa wetu alikuwapo tulipokuwa tukinena, ameketi mkekani, kimya kama ilivyo desturi mbele ya mkwe. Hatimaye akasema kwa upole, “Baba, mnisamehe. Motokaa hiyo ina viti vingapi?” Mumewe akatazama picha. Vilikuwa viwili. “Basi mimi nitakaa wapi na mtoto, naye akiendesha?” Mpwa wetu akajibu ya kuwa atampakata. Hapo tulisema kwa nguvu, maana jambo hili si la mzaha: mtoto hapakatwi katika kiti cha mbele cha motokaa, kwani ikigonga, mikono ya mama haiwezi kumzuia. Wala kile kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma hakiwekwi mbele ya ule mfuko wa hewa ufumukao motokaa igongapo, kwa kuwa utampiga kichwani. Na paa likiwa wazi, jua la mchana na kishindo cha upepo si vitu vya mtoto wa miezi miwili. Kwa hiyo dawa ya mtoto ingekuwa na nafasi ya baba na mgeni mmoja.

Tuliongeza na habari za bandarini Dar es Salaam, ushuru wa forodha asilimia 25, kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, na nyongeza kwa motokaa iliyozeeka. Lakini twadhani lile swali la viti ndilo lililomwingia.

Kabla hawajaondoka tulimwambia mama mambo mawili ambayo twapenda kila nyumba iyajue. Mtoto asitikiswe kwa hasira hata kidogo, maana ubongo wake ni laini, na watoto wamekufa au kupofuka kwa kutikiswa. Mzazi akiona uvumilivu umemwisha, amlaze mtoto chali mahali salama, atoke nje avute pumzi, kisha arudi. Tena asipewe maji ya kumlaza usingizi yasiyoagizwa na mganga. Huko Marekani tangu mwaka 1849 iliuzwa dawa tamu ya kutuliza watoto kwa jina la Mrs. Winslow’s Soothing Syrup, nayo ilikuwa na mofini ndani. Watoto wengi walitulia wasiamke. Na mtoto aliaye akiwa na homa, au akikataa kunyonya, huyo si wa kubembelezwa, ni wa kupelekwa zahanati usiku ule ule.

Dada yetu hajaambiwa lolote juu ya picha ile. Fedha ingali benki, mabati hayajanunuliwa, na kijana hajatuambia ameamua nini. Twajua tu ya kuwa picha bado imo katika simu yake. Juzi jioni tulimwona gatini, amemfunga mtoto kifuani kwa mbeleko ya mkewe, akitembea kwenda na kurudi mbele ya wavuvi waliokuwa wakitia mafuta taa zao. Wengine walikuwa wakimtania. Tulipomkaribia aliketi juu ya jiwe, akatuonyesha saa ya simu, akainua vidole vitatu kutujulisha dakika zilizobaki, nasi tukanyamaza.