Kungoja Gamba la Mwisho

Sehemu kubwa ya kazi yangu pale Mombasa ilikuwa kungoja buibui wakue. Watu hudhani ukiletewa buibui unamtazama tu, kisha unamtaja jina. Ukoo wake, sawa, utaujua kwa macho. Wale wakubwa bapa wa ukutani wana macho manane katika safu mbili, manne kwa manne. Wakimbiao ardhini, wa ukoo wa Lycosidae, wana manne madogo chini, mawili makubwa juu yake na mawili nyuma. Wamulike tochi usiku nyasini uone yanavyong'aa. Lakini spishi huthibitishwa kwa viungo vya uzazi, navyo havikamiliki mpaka buibui ajivue gamba la mwisho. Kwa hiyo rafu zangu zilijaa makopo, kila kopo na pamba yake yenye maji.

Mgeni wangu wa kawaida alikuwa Heteropoda venatoria. Asili yake ni Asia, akasambaa nchi za joto pamoja na shehena za meli. Hatandi utando wa kunasia. Huwinda usiku kwa mbio. Mama mmoja wa Likoni alimleta ndani ya chupa ya jemu, ameishika mbali na kifua.

“Mwanangu, huyu anaua?”

“Haui, mama. Akibanwa huuma, pakavimba kidogo, basi. Kwako kuna mende?”

“Tele.”

“Basi huyo alikuwa kazini.”

Hakucheka. Alitaka chupa yake.

Buibui akianza kukataa chakula, nilijua anakaribia kujivua. Hapo niliondoa kila mende koponi, kwa kuwa windo lililo hai humtafuna mwindaji akiwa laini. Hujining'iniza kichwa chini. Gamba hupasuka upande wa mbele, kisha huichomoa miguu kidogo kidogo, imepauka na kulegea. Usiguse kopo wakati huo, hata mkubwa wako wa kazi akisimama mlangoni anataka kuona. Mguu ukikwama huachwa humo. Kama bado ana gamba jingine mbele yake, utaota tena, mwembamba kuliko wenzake.

Majike walinipa taabu ya namna yake. Akishataga, hubeba mfuko wa mayai chini ya kifua, bapa kama sarafu, na hali chochote siku zote hizo. Vijana niliowafundisha walidhani anaumwa, wakawa wanamsukumia nyenje.

Akikomaa, nilimweka chini ya hadubini: dume kwa viguso vilivyovimba nchani, jike kwa kibati kigumu chini ya tumbo. Na ili mtu mwingine aweze kuhakiki jina hilo, ilibidi nimtie kwenye spiriti ya asilimia 70 yule niliyemlisha miezi. Sikuipenda sehemu hiyo, na simwamini anayesema anaipenda. Nilichukua mmoja, wengine nikawarudisha walikotoka. Lebo niliandika kwa penseli: mahali, tarehe, nani kamkamata. Wino wa kalamu ya dukani huyeyuka ndani ya spiriti, na buibui asiye na mahali hana faida kwa yeyote.