Ukienda Unguja na watoto, ingia kasri la Forodhani

Wazazi wengi wanaoshuka boti ya Dar es Salaam na watoto huenda moja kwa moja ufukweni. Wakifuata barabara ya Mizingani kwa miguu kuelekea Forodhani, watapita mbele ya jumba jeupe linalotazama bahari. Hilo ni Beit al-Sahel, kasri la masultani wa Zanzibar.

Jumba la kwanza liliharibiwa na mizinga ya manowari za Waingereza Agosti 27, 1896, katika vita visivyofika saa moja. Likajengwa upya, na masultani wakaishi humo hadi Mapinduzi ya Januari 1964. Serikali ikalitumia kwa shughuli zake, na mwaka 1994 likawa makumbusho.

Watoto huwa wanatazamia dhahabu. Wanachokuta ni vitanda, viti vya kuchonga, picha za watawala na, katika vyumba vya Sultani Khalifa bin Haroub, makabati ya fomika kama ya sebuleni kwa bibi. Wacheke tu. Ni vizuri wajue kwamba hata mfalme alihitaji mahali pa kuweka nguo.

Chumba cha kukaa kwa muda mrefu zaidi ni cha Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa kasri la Mtoni mwaka 1844. Wasichana wa kwao walifundishwa kusoma Kurani lakini si kuandika. Salme akajifundisha kwa siri, akinakili maandishi ya Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Baadaye aliolewa Aden, akaenda kuishi Ujerumani, na mwaka 1886 akachapisha kitabu cha maisha yake. Mtoto anayelalamikia daftari la kazi za nyumbani asimuliwe habari hii papo hapo.

Kisha litakuja swali gumu: utajiri huu ulitoka wapi? Mzazi asilikwepe. Ulitoka kwenye karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watu, na mashamba ya karafuu yalilimwa na watumwa. Mama yake Salme mwenyewe alikuwa suria, mtumwa aliyeletwa kutoka nchi ya mbali. Soko la watumwa la Mkunazini, lililofungwa mwaka 1873, halikuwa mbali na hapo. Kwa mtoto mdogo inatosha kusema kwamba watu waliuzwa, na kwamba lilikuwa kosa. Wa darasa la sita apelekwe Mkunazini siku hiyohiyo, aone na upande wa pili.

Msisubiri hadi watoto wawe wakubwa. Jirani wa kasri, Beit al-Ajaib, sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020, na watoto waliozaliwa baadaye wanaiona kwa picha tu jinsi ilivyokuwa. Majumba ya Mji Mkongwe ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, na mvua huyala polepole.

Kabla ya kutoka, ulizeni kama kasri liko wazi, maana majengo haya hufungwa kwa ukarabati. Nendeni asubuhi kabla ya jua kali, mvae nguo za heshima, mchukue maji. Jioni, juu ya bakuli la urojo pale Forodhani, waulizeni watoto ni kitu gani wangependa kuwasimulia wenzao shuleni.