Leo tarehe 25 Juni: mabaharia na kidole cha Mutombo

Leo ni Siku ya Mabaharia duniani. Wenye mitumbwi wa Kivu na Tanganyika nao wapokee pongezi. Msumbiji inakumbuka uhuru wake wa 1975.

Tena ni siku aliyozaliwa Dikembe Mutombo, Kinshasa, mwaka 1966. Katika NBA alizuia mipira 3,289, kisha humtikisia mpinzani kidole: hapana, si hapa! Ajabu ni kwamba Marekani alikwenda kusomea udaktari, si mpira.

Udaktari haukutimia. Mama yake alipougua wakati wa machafuko Kinshasa, hakuweza kufikishwa hospitali, akafariki. Mwana akajenga hospitali yenye jina la mama, ikafunguliwa 2007. Mutombo alifariki 2024. Kidole kimepumzika, wagonjwa bado wanapokelewa.